Fungua Fungu Kwanza

Mimi ni mama wa jikoni. Nina resto ndogo hapa Mabanga, mjini Goma, meza nne na paa la mabati. Watu wa Kinshasa wangeiita malewa. Majani nayajua basi. Seleri, puwaro (liki), persili, manti (mnanaa), lengalenga (mchicha), sombe (kisamvu), vyote vinapita mikononi mwangu kabla jua halijakolea. Ndiyo maana shangazi ya watoto alipotuletea sungura wawili kutoka Rutshuru mwaka 2019, niliona ni ufugaji wa bure: makombo ya jikoni yataingia upande ule, na watoto watapata cha kuchezea.

Mkubwa alikuwa mweupe pe, binti yangu akamwita Bugali, yaani ugali. Mdogo wa kijivu akaitwa Majivu. Majirani walicheka sana. Hapa kwetu sungura na simbilisi hufugwa kwa ajili ya sufuria, na nyama uliyoipa jina hailiki. Mwezi wa kumi na mbili jirani mmoja aliinama kwenye kizimba, akawapapasa mgongo kama mtu anayechagua viazi, akauliza: "Mama, hao ni ba Noeli?" Binti yangu alimnunia wiki nzima.

Sasa nieleze kuhusu fungu, kwa sababu kisa chote kimo mle.

Ukifika soko la Virunga asubuhi utakuta chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zimeshuka kutoka Kibumba na shu (kabichi), karoti, vitunguu na puwaro. Muuza viungo hakuuzii seleri peke yake. Anachukua mashina ya seleri, anaweka puwaro mbili au tatu, pengine na persili kidogo, anazungushia ukamba wa mgomba, na hapo una viungo vya sufuria moja. Ukimsalimia vizuri anachomeka na majani ya kitunguu juu, matabishi yako, yaani nyongeza. Miaka yote niliyopika sikuwahi kuliona fungu lile kama vitu vinne. Niliomba "viungo", nikapewa viungo.

Mpishi akifika jikoni anatumia sehemu nyeupe ya puwaro. Ile ya kijani ya juu ni ngumu, ina nyuzi, wateja hawaipendi. Seleri nayo ina majani mengi kuliko mchuzi unavyohitaji. Nikawa nakusanya vyote, kijani cha puwaro na majani ya seleri, nakatakata vidogo vidogo kama ninavyokata vya sombe, namwaga ndani ya kizimba. Nilijiona mfugaji mwerevu. Kumbe ile kukatakata ndiyo iliyoharibu zaidi. Sungura akipewa jani zima hulinusa, na asilolipenda huliacha pembeni. Mimi nilikuwa nimemchanganyia mpaka hana cha kuchagua.

Nilifanya hivyo siku nne mfululizo, maana wiki ile tulikuwa na wateja wengi wa msiba wa jirani. Siku ya tatu Bugali hakuja mlangoni nilipofungua. Nilifikiri ni joto. Siku ya nne, nikiwa nasonga bugali ya wateja, binti yangu akaja nyuma yangu polepole. "Mama, Bugali haiko anakula. Anakaa tu."

Nilimkuta amejikunja kwenye kona, macho nusu. Manti, ambayo kwa kawaida angepanda mpaka mabegani mwangu kuifuata, hakuigeukia.

Tuliita veterineri mmoja anayetibu mbuzi na mbwa wa mtaani. Alifika kwa pikipiki, akavua kofia, akamwinua Bugali akimshikilia makalio kwa mkono mwingine, akamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Akaweka sikio kwenye tumbo, akakaa hivyo muda mrefu.

"Munawapa nini hawa?"

Nikamwonyesha ndoo yangu kwa fahari kabisa. Akaingiza vidole, akachambua, akatoa kipande cha kijani kilichokunjika, akaninusisha kama mtoto.

"Mama, hii si kitunguu?"

"Ni puwaro, papa."

"Puwaro ni mtoto wa kitunguu."

Akanieleza. Kitunguu, kitunguu saumu, puwaro, na yale majani membamba ya kitunguu tunayopamba nayo samaki, wote ni ukoo mmoja. Ndani yao mna kitu ambacho sisi hatukihisi, lakini kwa sungura, kama kwa mbwa na paka, kinavunja chembe nyekundu za damu. Ubaya wake hauonekani saa ileile. Zinapita siku, damu inapungua taratibu, na siku mnyama anapolegea wewe umeshasahau ulimpa nini. Akaongeza jambo ambalo sikulijua kabisa: sungura hawezi kutapika. Mbwa akila kibaya atakirudisha. Kwa sungura kikiingia kimeingia, na njia iliyobaki ni moja tu, ya mbele kwenda nyuma. Na hiyo njia haitakiwi kusimama. Sungura aliyekaa muda wa saa 12 bila kula wala kutoa mavi si wa kusubiriwa mpaka kesho, maana tumbo likisimama hewa inajaa, maumivu yanamzuia kula zaidi, na kutokula kunazidi kulisimamisha.

Alituachia kazi: puwaro yote nje, nyasi tu na maji, kumfunika asipate baridi, na uji mwembamba kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unaingizwa pembeni ya mdomo tone kwa tone ili usimpalie. Binti yangu alikesha naye siku mbili. Bugali alikufa Jumapili alfajiri. Majivu, aliyekuwa na tabia ya kuchezea chakula na kukirusha nje ya sahani, alibaki. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kuwa na mlaji mbaya nyumbani.

Sikupika na puwaro kwa mwezi mzima, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote, na wateja walilalamika.

Veterineri alirudi mara mbili kumtazama Majivu, hakutaka pesa ya mara ya pili, ila sahani ya samaki. Ndiye aliyenifundisha kumlisha sungura kwa lugha ninayoielewa. Alisema: "Mama, nyasi ndiyo bugali yake. Hayo majani yako ni mboga. Mtu hali mboga bila bugali." Meno ya sungura yanaota maisha yake yote, hayaachi, na kinachoyasaga ni nyasi ndefu anazotafuna mchana na usiku. Ukimshibisha seleri laini, meno yanarefuka mpaka yanamchoma ndani ya mashavu, na tumbo lake, lililoumbwa kwa vitu vikavu vya nyuzi, linachanganyikiwa.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta nyasi, na Goma si mahali rahisi pa kutafuta nyasi. Uwanja wetu ni mawe meusi ya lava ya mwaka 2002. Pale mbele ya mlango hata muhindi unaota kwa kusitasita. Nilipatana na kijana anayeleta mabingobingo ya mbuzi, awe ananiletea na mzigo mdogo wa nyasi nyembamba. Mawe yaleyale yaliyoninyima bustani yakanipa kikaushio: jua la saa sita likiyapiga, ukitandaza nyasi juu yake na kuzigeuza mara mbili, baada ya siku chache zimekauka zikiwa bado na kijani na harufu nzuri. Zikinyeshewa na kuota ukungu, natupa. Hilo sina mjadala nalo.

Halafu ndipo nikarudi kwenye majani ya jikoni, safari hii jani moja moja.

Nikifika na fungu, nalifungua mezani kabla ya kitu kingine. Puwaro upande wa sufuria. Kitunguu upande wa sufuria. Kinachobaki ndicho tunachoweza kuzungumza. Seleri inafaa, majani na shina, ila shina nalikata vipande vifupi kama nusu ya kidole kwa sababu ya zile nyuzi ndefu. Manti Majivu anaipenda kupita kiasi. Baziliki pia, na dania nikiipata, maana hapa si kila siku. Rozmarini huinusa, huikata ncha, huondoka. Lumbalumba aliikimbia, na sikumlazimisha.

Kila jani jipya niliingiza kwa kipande kisichozidi kidole, halafu nikangoja mpaka kesho yake. Moja tu kwa wakati mmoja. Ukimpa matatu mapya leo na kesho akaharisha, utamshitaki nani? Na kesho yake sikumwangalia yeye usoni, niliangalia mavi. Wanaonijua wanacheka, lakini sijui njia nyingine bora ya kumsoma mnyama asiyelia. Yakiwa ya duara, makavu, yanalingana, tuko salama. Yakiwa madogo yaliyochongoka, au yameshikana kama uji, jani la jana linapumzishwa. Kuna aina nyingine ambayo hutaikuta ovyo: laini, inang'aa, imeshikana kama kishada cha zabibu. Hiyo huitoa hasa usiku na huila moja kwa moja kutoka nyuma yake. Binti yangu alipomwona mara ya kwanza alikuja kunishitakia kwamba Majivu amekosa adabu. Kumbe ni chakula kinachopita mara ya pili ili mwili uchukue kilichobaki. Ukimzuia unamnyima.

Persili ilinipa hofu yake peke yake. Niliipenda kwa sababu ni rahisi na haiozi haraka, nikawa nampa kila siku. Baada ya wiki mbili mkojo wake ukawa mweupe mzito, ukikauka kwenye ubao unabaki kama chokaa. Mwili wa sungura huchukua chokaa karibu yote iliyomo kwenye chakula, halafu iliyozidi hutoka kwa mkojo, na persili inayo nyingi. Ikizidi sana inaweza kujikusanya kwenye kibofu kama matope. Sikuifuta kabisa, nimeishusha iwe matawi mawili, mara mbili au tatu kwa wiki, na lengalenga nayo iko kwenye ratiba hiyohiyo. Siku nyingine mkojo ulitoka mwekundu nikapiga kelele ya damu. Veterineri alinituliza kwa simu: rangi ya majani mengine hutoka hivyo. Kama anakula, anaruka, hajikazi anapokojoa, na wekundu umepotea siku ya pili, si damu.

Kipimo changu ni hiki: Majivu ana kilo 2, nilimpima kwenye mizani ya mchele. Kwa siku anapata majani mabichi ya kujaza vikombe viwili, yakiwa ya aina mbili tatu, na kati ya hayo yale ya harufu kali ni ya kushika kwa ncha za vidole tu. Mengine ni matembele machanga, au kishona nguo anayochuma mtoto nyuma ya kanisa kabla haijatoa mbegu. Nyasi haina kipimo, ipo saa zote.

Nisisahau vingine vinavyotoka jikoni kwangu, maana mtego haukuwa puwaro peke yake. Maganda ya viazi, hasa yaliyoota kijani, hapana. Majani na vikonyo vya nyanya, hapana. Avoka! Hapa kila sahani inaondoka na kipande cha avoka na kila sahani inarudi na ganda, na watoto wa wateja wanapenda kumpelekea sungura zawadi. Avoka ni sumu kwake, tunda, ganda na jani. Nimeandika kwa makaa kwenye ubao wa kizimba: USIMUPE AVOKA. Sombe mbichi pia sithubutu. Sisi wenyewe tunaitwanga na kuichemsha muda mrefu, na si kwa ajili ya utamu peke yake. Jani la muhogo likiwa bichi lina sumu ambayo bibi zetu waliijua bila kuipa jina. Na iliyopikwa, yenye chumvi, mafuta na, bila shaka, puwaro, si ya kwake.

Kuna neno moja linalosemwa sana huku: sungura akinywa maji anakufa, na nyasi zenye umande zinamuua. Nililiamini miezi kadhaa, nikamwacha Bugali na mwenzake bila sahani ya maji wakati wa jua kali. Aibu hiyo ninayo mpaka leo. Sungura anakunywa, tena sana. Kinachovimbisha tumbo si maji yaliyo juu ya jani, ni majani mabichi yaliyorundikwa kwenye gunia mpaka yakapata moto ndani. Ingiza mkono katikati ya rundo: ukisikia uvuguvugu, yameshaanza kuchacha.

Hilo la gunia nililishuhudia Minova, mji mdogo kando ya Ziwa Kivu.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo, volkeno yetu, ilipasuka. Lava ilisimama kabla ya kufika kwetu, lakini ardhi haikutulia, ilitikisika mchana na usiku, na kila mtikisiko Majivu alipiga mguu wa nyuma chini, dup, kama mtu anayegonga mlango. Alhamisi tarehe 27 asubuhi ikatangazwa kwamba kata kumi za mji zihame, yetu ikiwemo. Mimi nilikuwa natafuta vitambulisho na sufuria kubwa. Binti yangu alimtia Majivu kwenye kikapu cha nyanya, akafunga kitenge juu, akajaza mfuko wa nyasi kavu. Nilimgombeza kwamba tunakimbia moto yeye anabeba nyasi. Barabara ya Sake ilijaa watu, magari, magodoro, mbuzi. Tulitembea, tukapanda lori, tukatembea tena.

Minova tulipokelewa na familia moja ya kanisa letu. Watoto wao hawakuwahi kuona sungura anayebebwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga, na kwa upendo wao wote wakamletea gunia la matembele na majani ya maharage yaliyokatwa tangu asubuhi. Nilikuwa nimelala kwa uchovu. Alfajiri tumbo la Majivu lilikuwa limekaza kama ngoma, anasaga meno, hataki kuguswa. Nilisikia zile siku nne za Bugali zikinirudia mwilini.

Lakini tulijua cha kufanya. Majani yote nje. Binti akafungua ule mfuko wa nyasi nilioutukana njiani. Tukamweka chini atembee, tukimzuia kujikunja, tukimsugua tumbo pembeni taratibu, sahani ya maji mbele yake. Mchana akang'ata unyasi mmoja, akauacha, akaurudia. Jioni akatoa mavi matatu, nami nikaita watu wazima waje kuyatazama. Baba wa nyumba ile, mzee mwenye heshima zake, alikuja na tochi, akatazama, akasema "Mungu asifiwe," akarudi ndani bila neno lingine.

Siku zilizofuata tulichanganya nyasi zetu kavu na nyasi za Minova kidogo kidogo, kila siku nyasi za wenyeji zikiongezeka, mpaka mfuko ukaisha. Tuliporudi Goma mwezi wa Juni tulifanya hivyohivyo kwa kurudi nyuma.

Tulikuta kila kitu kimefunikwa na vumbi la kijivu. Majivu ya volkeno yakikaa kwenye nyasi hubeba florini, na mnyama anayeyala kwa muda mrefu huharibika meno na mifupa. Hata siku za kawaida vumbi jeusi la barabara zetu linaingia kila jani, na mboga za mashambani hupigwa dawa. Kwa hiyo naosha mara tatu, nakung'uta, natandaza kwenye chekeche mpaka maji yachuruzike. Kwenye mji ambao bido (dumu) la maji linahesabiwa, kumwoshea sungura seleri mara tatu kunaonekana wazimu. Maji ya tatu naoshea sakafu ya resto, ya pili yanalowesha mafagio, ya kwanza tu ndiyo namwaga.

Muuza viungo wangu alichukua muda kunielewa. Nilipomwambia anitolee puwaro kwenye fungu alidhani napunguza bei. Siku hizi ananiona kwa mbali tu, anafunga mafungu mawili: moja la sufuria, lingine dogo la seleri na manti, analifunga kwa ukamba mwembamba zaidi, faranga 500, na hili halina matabishi. "Mama Sungura, ile ya mtoto yako ni hii," ananiambia mbele ya soko zima.

Nikifika nyumbani bado nalifungua.